Mama kaletewa meseji ya hela ambayo haipo, nimfundisheje?

Binti Mpunguzi:
Habarini ndugu zangu. Juzi jioni mama yangu, mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, aliletewa meseji: "Imethibitishwa, umepokea Tsh 240,000." Asubuhi alikuwa amemkopesha mnunuzi kreti kadhaa, akajua ndiyo kalipwa. Hata dakika tatu hazijaisha, kijana akapiga, sauti ya upole: "Shikamoo mama. Nimekosea namba, hiyo ni hela ya mgonjwa. Nirudishie laki mbili tu, inayobaki chukua." Mama akaanza kutuma. Kilichomwokoa ni salio kutotosha, alikuwa na elfu kumi na tisa.

Ile meseji ilitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, na "salio" wameandika "salyo". Lakini mama anasoma taratibu na miwani yake imevunjika mkono mmoja. Nimfundisheje? Simu siwezi kumnyang'anya, wateja wake wote wako humo.

Wakala Sabasaba:
Mpe mama pole, dada. Kibandani kwangu wanakuja wakilia mpaka wafanyakazi wa ofisini. Asihangaike na meseji, aangalie salio. Simu ikilia, aingie kwenye menyu mwenyewe. Salio kama halijapanda, hakuna hela. Hata likiwa limepanda kweli, asirudishe kwa mkono wake. Aliyekosea awapigie mtandao wake, wao ndio wanaorudisha muamala. Tapeli anakuharakisha kwa sababu anajua ukishaangalia salio tu, kaumbuka. Na anayejiita mtu wa huduma kwa wateja huku namba si 100, akate.

Mwalimu Kongwa:
Mimi nililiwa elfu themanini nikiwa sokoni Kibaigwa. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kweli nilikuwa nadaiwa hela ya mahindi, nikatuma bila kuuliza. Wale hata hawakuwa wananijua. Wanarusha meseji hiyohiyo kwa watu kibao, na wenye madeni hawakosekani. Siku hizi namba ngeni ikiniambia nitume hela, napiga kwanza ile ya zamani nisikie sauti ya mtu wangu.

Binti, hiyo meseji usiifute. Itume kwenda 15040, namba ya kuripoti meseji za matapeli, kisha utaje namba iliyoileta. Halafu piga *106# kwenye simu ya mama uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wazee wetu wameshawekeshwa vidole mara mbili mbili na wasajili wa kupita, wakiambiwa "haijashika, weka tena".

Binti Mpunguzi:
Mwalimu, zimetokea laini mbili! Mama anaijua moja tu. Kesho nampeleka mjini akaifute hiyo nyingine.

Wakala, jana usiku nilimjaribu. Nilichukua laini mpya ya mdogo wangu nikamwandikia, "Umepokea Tsh 50,000." Akanyamaza, akabonyeza menyu kwa kidole kimoja, akaisogeza simu karibu na taa. "Ni elfu kumi na tisa ileile," akasema. "Huyu mwongo."