Walimu wa ufundi, mnawatiaje moyo vijana waliokuja chuoni wamekata tamaa?

Habari wakuu. Nafundisha umeme wa majumbani, ngazi ya kwanza, katika chuo kimoja upande wa Temeke. Januari nilianza na vijana 22. Machi hii nimebaki na 15, na kati ya hao 5 wanalala darasani. Wengi wameletwa na wazazi baada ya kufeli kidato cha nne, na mtaani wanachekwa kwamba wameenda ufundi kwa sababu shule imewashinda.

Hotuba nimezimaliza. Nimewaambia Chanika na Kigamboni nyumba zinaota kama uyoga na zote zinataka wayaringi. Wananitazama tu. Juzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hata nikijua, nani ataniachia nyumba yake mtoto kama mimi?" Nikajifanya natafuta chaki.

Kitu kimoja tu kimefanya kazi. Niliwapa kila wawili kipande cha plaiwudi, holda, balbu na swichi mbili, wafunge taa ya ngazi: unawasha chini, unazima juu. Kuna binti alikuwa haongei kabisa. Akakosea mara tatu, kila mara anachanganya waya wa komoni na zile nyaya mbili zinazounganisha swichi na swichi. Ya nne ikawaka. Akaenda swichi ya pili, akazima. Akarudi ya kwanza, akawasha. Dakika tano nzima anakwenda na kurudi, nikamwacha. Siku hizi akifika asubuhi ananikuta sijafungua karakana, ananinunia.

Lakini vifaa vile nilinunua Kariakoo kwa hela yangu. Siwezi kila wiki. Wenzangu mnafanyaje?

Mama Cherehani: Mwalimu, mbona umeshajijibu? Mimi nafundisha ushonaji, Mbagala. Zamani nilikuwa nawashonesha karatasi bila uzi wiki nne, wanatoroka. Sasa karatasi ni siku tatu, kisha foronya, na foronya anaondoka nayo. Mama mtu akishailalia, nauli ya kesho haina mjadala. Vitambaa naokota vipande kwa mafundi. Na wewe tafuta wanaofumua nyumba za zamani, swichi wanatupa.

Mtindua Ukuta: Nilimaliza umeme hapahapa Dar 2017. Mwalimu wangu hakujua kusifia. Jumamosi moja akanichukua saiti Kitunda nikatindue ukuta. Mwenye nyumba akauliza, huyu nani? Akajibu, "Fundi wangu." Jioni akanipa elfu tano, ila kwanza alinifungulisha soketi mbili nilizofunga zimepinda, nikazirudia kwa pimamaji. Kijana wako mwambie ukweli: peke yake hapewi nyumba, ataingia nyuma ya mtu. Huyo mtu uwe wewe. Halafu habari za leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji inayowapa mafundi umeme ruhusa ya kufanya kazi, waambieni mapema, sisi wengine tulizisikia tumeshatoka chuo.

Kobe wa Tandika: Naona mnaongelea moyo tu, tumbo mmelisahau. Hao wanaolala, umewauliza usiku walikuwa wapi na asubuhi wamekula nini?

Muuliza swali: Kobe, umenichoma, maana sikuwahi kuuliza. Leo nimeuliza. Wawili wanaendesha bodaboda mpaka saa nane usiku. Mmoja anakunywa chai kavu asubuhi hadi arudi kwao jioni. Huyo nimeongea na mama lishe wa getini, tutaona. Vitendo nimehamishia asubuhi, nadharia mchana, atakayesinzia asinzie huko.

Mtindua Ukuta, Jumamosi nina kazi ndogo Yombo, naenda na yule aliyeniuliza. Hajui bado.

Mama Cherehani, swichi nimepata nusu ndoo kwa fundi mmoja Keko, bure. Nyingi zimeungua. Kesho tunaanza kwa kuzifungua tuone zimeunguaje.