Mrejesho: injini ya mvuke ya kuendeshea winchi ya Meccano

Assalamu alaikum ndugu zangu. Niliuliza kama injini ndogo ya mvuke ingeweza kuendesha winchi ya kuvutia mizigo kwa kamba niliyomuundia mwanangu hapa Lamu kwa Meccano, vile vipande vya chuma vya kuchezea vinavyounganishwa kwa skrubu. Nilichagua injini ya kuchezea aina ya Mamod iliyokwishatumika, kwa kuwa silinda yake inayoyumba ni rahisi kuikarabati. Mwanzoni ilizunguka mbio lakini ikakwama kila kamba ilipokaza, hadi nilipoiunganisha gia ya meno 19 na ya meno 57, kasi ikashuka hadi theluthi na nguvu ikaongezeka. Sasa inapandisha kopo la mchanga bila kusita. Maji ya kisima chetu yana chumvi, isije ikaganda ndani ya boila, hivyo natumia ya mvua. Harufu ya mafuta, mama watoto bado anailalamikia.