Maji ya kuchemshia ukindu: makumbi ya nazi yanaweza kunasa rangi?

Mama Mikeka, Sahare – Tanga
Assalam alaykum ndugu zangu. Mimi na wenzangu tunasuka mikeka. Ukindu tunauchemsha kwenye debe kwa ile rangi ya unga ya dukani: damu ya mzee, kijani, zambarau. Tukimaliza, debe tunalimwaga mtaroni, na mtaro unateremka hadi ufukweni ambako watoto wanaokota kombe. Maji yakikupwa unaona mchirizi wa zambarau mchangani. Roho inaniuma.

Nasikia mabaki ya mimea yakitengenezwa vizuri hunasa rangi. Makumbi kwetu si haba, kila penye kifuo pana lundo. Ni kweli? Yanatengenezwaje? Na maji yakishatakata tunaweza kuyaoshea vyombo?

Mwalimu wa Kemia, Chumbageni
Wa alaykum salaam dada. Ni kweli kabisa. Rangi nyingi za ukindu zikiyeyuka huwa na chaji chanya. Makumbi yamejaa selulosi na lignini, vitu vinavyoujenga mmea, zenye sehemu za asidi ambazo majini hubaki na chaji hasi, basi hizo mbili hushikana. Rangi za kutia vitambaa vya pamba nyingi ni za chaji hasi, na makumbi matupu hayazitaki. Nawaambia mapema wenye batiki, wasije wakalaumu.

Makumbi mabichi hutoa maji ya kahawia, utadhani umeongeza uchafu. Kama mna jirani anayefukia makumbi kwenye tope la pwani kwa ajili ya kusokota kamba, mwombeni yale chakavu, maana mengi ya hayo maji yameshatoka. Ila yasuuzeni sana kwa maji ya bomba, kwani chumvi hugombea nafasi na rangi. Kisha yaanikeni, myatwange kinuni. Yasiwe unga laini kama wa sembe, yataziba ndoo mtakayopitishia maji.

Kuyaongezea nguvu, yaloweke kwenye kostiki hafifu, ile ya watengeneza sabuni, halafu suuza mpaka maji yasiteleze vidoleni. Kostiki inatiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Vaeni glavu na miwani, watoto wasiwepo. Wataalamu wengine hutumia asidi ya sitriki, kisha hukausha kwenye joto la nyuzi 120 hivi ili sehemu za asidi ziongezeke. Hiyo inafaa sana kwa madini kama risasi na shaba. Kwa rangi zenu sioni haja.

Vyombo, hapana. Macho yanaweza kuona maji meupe na rangi bado imo, na makumbi hayaui vijidudu. Yarudisheni kwenye debe mchemshie ukindu mwingine.

Kijana wa Ngomeni
Huku kwetu makapi ya katani yanaozea nyuma ya korona, ile mashine ya kuchakata katani. Singa, yaani nyuzi, za jani hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wake, kilichobaki chote ni makapi. Hayo hayafai?

Mwalimu wa Kemia, Chumbageni
Zile nyuzi fupi zilizooshwa na kukauka zinafaa. Makapi mabichi, hapana mdogo wangu. Yana sukari na utomvu mkali, yatachachua maji.

Mama Mikeka, Sahare – Tanga
Ahsante sana mwalimu. Sisi hutia siki kidogo ili rangi ishike. Ina neno? Na makumbi yakishashiba rangi tuyapeleke wapi? Mwenzangu anataka kuyatia kwenye mchicha.

Mwalimu wa Kemia, Chumbageni
Siki ina neno, dada. Maji yakiwa na ukali wa siki, zile sehemu za asidi hupoteza chaji yake na rangi inapita. Yakipoa, tia maji ya jivu yaliyochujwa, kidogo kidogo, kabla hujayapitisha kwenye ndoo ya makumbi.

Mchicha, tafadhali sana, msiutie. Rangi haijafa, imehama tu kutoka majini kwenda kwenye makumbi. Msiyachomee jikoni pia. Yaanikeni juu ya turubai, myafunge kwenye viroba, myaweke penye paa, mbali na kisima, huku mkimuuliza afisa wa mazingira wa kata pa kuyapeleka. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama, wanafurahia maji meupe na kusahau lile gunia.

Kwa hiyo punguzeni mzigo tangu debeni. Ukindu wa kwanza ukitoka, tieni wa pili katika maji yale yale. Mtapata zambarau iliyopauka ya kuchanganyia kwenye ukili, na makumbi yatakawia kushiba.