Tupeane uzoefu: nani amewahi kubadili kioo cha simu mwenyewe nyumbani?

Kijana wa Makorora: Wakuu, jana simu imeniponyoka nikiwa kwenye bodaboda, Barabara ya 8. Kioo kimekuwa utando wa buibui. Bei ya fundi kama ananiuzia simu nzima. Aliyewahi kujibadilishia, alitokaje?

Mzee Raskazone: Mie nilitoka salama. Draya ya mke wangu kulainisha gundi, kadi ya benki iliyokwisha muda, na subira. Ila chomoa soketi ya betri kabla hujagusa kingine.

Bint Chumbageni: Mmenikumbusha machungu. Kioo kilibanduka vizuri tu, kiherehere kikanituma nitoe na betri. Imeng'ang'ania gundi, nikaichokonoa kwa bisibisi ya cherehani. Nikasikia psiii, kama soda. Ikaja harufu tamutamu ya kufutia rangi ya kucha, mara moshi, mara cheche, nami nimekaa kitandani, chandarua kichwani! Nikaikamata kwa koleo la mkaa nikairusha uani. Ikatua kwenye dagaa wa shangazi alioanika. Mpaka leo akiniona na bisibisi huniuliza, "Leo wapika nini?"

Pweza: Pole dada 😂 Dagaa walilika?

Bint Chumbageni: Paka wenyewe walikataa.

Fundi Ngamiani: Ndiyo yenu hayo. Mwaharibu, kisha mwatuletea simu vipande vipande kwenye mfuko. Skrubu ndefu ukiikaza penye fupi, inatoboa ubao wa saketi ndani ya simu.

Sahare Moja: Nanyi mwatubandikia LCD, kioo cha bei rahisi, mkisema OLED, kile cha bei ghali chenye weusi wa kweli. Nyeusi imekuwa kijivu, na alama ya kidole chini ya kioo haisomi tena.

Fundi Ngamiani: Ulilipa pesa ya LCD, ulitaka nini?

Mama Pongwe: Acheni ugomvi. Skrubu zichomeke kwenye kipande cha sabuni ya mche, kwa mpangilio uleule ulivyozitoa. Hazipotei.

Pweza: Draya ya nini? Jua la Tanga saa nane lalainisha gundi lenyewe.

Mzee Raskazone: Usimsikilize huyo, betri itavimba.

Mla Kamba: Jaribu kioo kabla ya kukigundisha! Changu nilikibandika, nikakibana kwa raba usiku kucha, asubuhi nawasha: mistari ya kijani. Waja leo, waondoka leo.

Kijana wa Makorora: Nimeshaagiza kioo. Nani wa karibu ana draya na bisibisi ndogo?

Bint Chumbageni: Ninavyo vyote. Sikupi.