Naomba ushauri: kikoa cha .kiswahili, tukikutana na kampuni kubwa mnadani

Habari zenu wakuu. Chama chetu tunataka kuiomba ICANN (shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani) kikoa cha .kiswahili, yaani mwisho wa anwani ya tovuti kama ilivyo .com. Ada ni dola 227,000 (mwaka 2012 ilikuwa 185,000), na mfadhili yupo. Kinachoninyima usingizi ni mnada: kampuni kubwa ikiomba jina hilohilo, tutashindanishwa kwa mnada, na hapo tumekwisha. Mwaka 2016 kikoa cha .web kilikwenda kwa dola milioni 135! Lugha ya watu iende kwa mwenye fedha nyingi kweli?

Ipo njia ya maombi ya jamii (unaomba kwa niaba ya jamii husika), ambayo tathmini yake hutangulia mnada, ila alama zinazotakiwa ni ngumu kufikisha na barua za kuungwa mkono ni lazima. Mgogoro wa .africa, uliohusu pia uungaji mkono wa Umoja wa Afrika, ulifika hadi mahakamani Marekani.

Je, kutafuta barua hizo tuanzie BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa, Tanzania) au Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki? Aliyewahi kuandaa maombi ya namna hii anielekeze tafadhali.