Naomba ushauri: tumekwama msimu wa 6 wa Un village français

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada. Mimi na mzee wangu tunaangalia Un village français, tamthilia ya mji mmoja wa Ufaransa uliotekwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, tumefika 1944, Wajerumani wanaondoka na visasi vinaanza. Sasa yule daktari Larcher alikubali umeya 1940 ili awalinde watu wa mji wake, leo anaitwa msaliti, na mzee imemuuma kweli, jana kazima tivii akaenda kulala chai yake imebaki mezani. Nimejaribu kumwelezea serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, na Milice, wanamgambo wake walioanzishwa 1943 kuwasaka wapiganaji wa msituni, ila na mimi najichanganya. Je, kisheria meya kama yule alishtakiwa kwa lipi hasa? Na msimu wa 7 tuendelee nao au unaumiza zaidi?