Tupeane uzoefu: mnawafundishaje watoto kujisemea vizuri na kujilinda?

Mama K, Tabata
Habari za jioni wazazi wenzangu. Binti yangu yuko darasa la pili. Juzi nikiwa nasonga ugali nikamsikia sebuleni, daftari la hesabu mbele yake, anajisemea: "Mimi kilaza tu, hata nisome." Hakuna aliyemwambia, anajiambia mwenyewe. Nikawaza, mtoto anayejiona kilaza, siku mtu mzima akimfanyia ubaya na kumtisha kwamba hata akisema hakuna atakayemwamini, si ataona ni kweli? Kwangu mimi haya ni somo moja. Mlianzia wapi? Nadharia nimesoma za kutosha, nataka mlichofanya nyumbani.

Mwalimu wa darasa la pili, Morogoro
Chunguza kwanza hilo neno kalitoa wapi. Mara nyingi ni kwetu walimu, au kwa kaka mtu. Halafu usimjibu "hapana, wewe una akili sana", maana anaona mwenyewe daftari lilivyojaa makosa. Kaa naye kwenye swali. Nilikuwa na mtoto 27 + 15 anaandika 312, anafunga daftari anasema hawezi. Nikamwonyesha: 7 na 5 umepata 12, sahihi. 2 na 1 umepata 3, sahihi. Kujumlisha unajua, kubeba ndiyo bado. Kesho yake akaja mezani kwangu, "Mwalimu, kubeba bado." Hakusema tena hawezi. Siku hizi darasa zima ndivyo wanavyosema, kinachojulikana na ambacho bado. Yale mabango ya "Mimi ni bora" sina ugomvi nayo, ila sijaona yakimkwamua mtoto.

Dereva bajaji, Mwanza
Mimi nabeba watoto wa shule asubuhi na jioni. Kuna mama mmoja kampa mwanawe neno la siri: yeyote atakayekuja kumchukua lazima alitaje. Siku moja bajaji ikanizingua, nikampa deiwaka aende badala yangu. Mtoto kagoma getini. Deiwaka kamtajia jina langu, jina la mama yake, mpaka nyumba wanayokaa. Mtoto hataki, anarudi kwa mlinzi. Jamaa akanipigia kwa hasira, "Huyu mtoto ana kiburi!" Nikamwambia muache hapo hapo na mlinzi, nikampigia mama yake. Kusema kweli tangu siku ile nawashauri wateja wangu wote wafanye hivyo. Majina anayajua kila mtu mtaani, hata kwenye begi yameandikwa.

Bin Mtaa
Mnalea watoto jeuri. Sisi tulikuwa tunamtii kila mkubwa na tumekua vizuri tu.

Mama K, Tabata
Bin Mtaa, waliokua vibaya hawaji hapa kusimulia.

Umm S, Mombasa
Kwangu vita vilikuwa vya salamu. Ami yake akija lazima mtoto apakatwe na abusiwe, na mtoto hataki. Nyanyake akaniambia namharibu. Nikamwambia mamangu, shikamoo atatoa, mkono atatoa kwa adabu zote, lakini kupakatwa ni hiari yake. Nyanyake alinuna siku kadhaa. Mtoto nilimfundisha maneno yenyewe ya kusema: "Ami, sitaki kupakatwa, nitakaa hapa." Tulifanya mazoezi, mimi nikiwa ami na kanzu ya babake, tukacheka sana. Lakini ukimwambia tu "kataa" bila kumpa maneno, siku ikifika ulimi unamganda.

Muuguzi, Dodoma
Naongezea kwa upande wa kazi yangu.

Mfundishe majina halisi ya viungo, uume na uke, kama unavyomfundisha goti. Mtoto akija anasema "anko kanichezea kitumbua", mtu mzima anaweza kudhani ni chakula, na habari inaishia hapo. Siri nazo: zawadi ya sikukuu ina siku itafunguliwa, lakini siri ya kuguswa mwili haitunzwi hata kidogo.

Akikuambia, mwamini, mwambie si kosa lake, usimhoji mara kumi wala kumwita mtuhumiwa mkae kikao cha familia. Usimwogeshe, nguo usizifue. Hospitali haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, inatolewa polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na Kenya pia ni hiyo hiyo.

Na wavulana jamani. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wazazi wanaongea na binti, kijana wanamwachia dunia.

Baba J, Mbeya
Muuguzi umenigusa. Wangu yuko bweni, na simu anapiga kwa patroni huku patroni kakaa pale pale. Kabla hajaenda tulikubaliana: kukiwa na tatizo aseme "msalimie paka". Nyumbani hatuna paka. Muhula uliopita kanisimulia mitihani, chakula, mpira, mwishoni, "Haya baba, msalimie paka." Jumamosi nilikuwa getini. Kumbe wakubwa wa bwenini walikuwa wanamwamsha usiku awafulie nguo, na wanamwambia mwanaume halalamiki. Tukamwona mkuu wa shule pamoja, nikamwacha aeleze mwenyewe bila kumsaidia. Wamemhamishia bweni la wadogo, na wale wakubwa wazazi wao wameitwa. Mimi bado napita pale kila nikipata nafasi.